Farasi Wako wa Gemu Amekonda? Wacha Kumwagia Oti, Soma Hii Kwanza

 Kama uko kwa ile gemu ya kufuga farasi na leo asubuhi umefungua simu ukapata wameandika farasi wako amekonda, najua kitu umefanya. Umeshika mstari wa oti ukauvuta mpaka mwisho. Ukaongeza karoti, ukampa tufaha, ukamsugua, ukamlaza, ukangoja kesho. Kesho imefika na bado ni mifupa.

Hata mimi nilifanya hivyo. Noma ni kwamba baadaye nilifanya hivyo na mnyama mwenye damu, huko kwetu Bomet, na karibu nimuue. So hii story nitaianzia kwa simu, lakini itaishia kwa boma la shosho. Kama umekuja tu kwa sababu ya gemu, sehemu yako ndo hii inafuata. Lakini kaa kidogo.

Gemu kwanza

Naongea kuhusu Howrse. Ilianza 2005 huko Ufaransa, ikatengenezwa na kampuni inaitwa Owlient, na 2011 Ubisoft, wale wa Assassin's Creed, wakanunua hiyo kampuni. Unaicheza kwa brauza. Haihitaji kompyuta ya pesa mingi, ndo maana msee amesota anaeza kuwa na zizi la farasi kumi akiwa kwa bedsita Rongai. Siku moja yako ni miezi miwili ya farasi, kwa hivyo wanazeeka mbio na ukizubaa unajuta.

Sasa kulisha. Farasi wako akiwa ameandikishwa kwa kituo cha farasi, ukifungua sehemu ya chakula unapata vitu viwili: nyasi kavu na oti, ile nafaka watu wa jimu wanapikia uji. Kando ya kila moja kuna namba mbili. Moja ni umempa ngapi leo, nyingine ni anahitaji ngapi. Hiyo namba ya pili ndo daktari wako. Usiikariri ya jana, kwa sababu inabadilika na hali ya mnyama. Farasi akikonda, yenye inapanda ni ya nyasi. Kazi yako ni kuifikisha, leo, kesho na kesho kutwa, mpaka gemu iache kulalamika. Oti mpe ile wamesema, usipitishe.

Watu wapya hapo ndo wanachomeka. Wanaona oti iko karibu na pesa, karibu na mashindano, inakaa chakula ya mabingwa, so wanadhani ndo inaleta mwili. Oti ni ya nguvu za kazi. Uzito unaenda na nyasi. Karoti na tufaha ni vitafunio, kama vile wewe huwezi kunenepa kwa kutafuna mabuyu. Na kama ni mtoto wa chini ya miezi sita, wacha kabisa kutafuta nyasi, huyo bado ananyonya.

Kosa lingine ni kulisha kwa hasira. Leo unampa yote, kesho umesahau kuingia, kesho kutwa unarudi na huruma mob. Mnyama wa gemu anataka kitu moja tu kutoka kwako, na hiyo kitu ni mazoea. Weka kengele kwa simu. Saa moja jioni, kabla ya nyinyi kuanza kubishana na mechi, dakika tano tu.

By the way, nasema nyasi makusudi. Kwetu ukisema majani, mtu anafikiria chai, bonasi ya Oktoba na deni la mbolea.

Hao wasee wa gemu hawakubahatisha

Mimi nilitoka koleji kabla ya kumaliza, so usinikujie na mambo ya digrii. Lakini hii nimeisoma sana, kwa sababu ilinigharimu.

Farasi na punda ni familia moja, na tumbo lao ni tofauti kabisa na la ng'ombe. Ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne, anameza, anakaa chini, anacheua. Farasi ana tumbo moja dogo. Farasi mzima wa kilo 500, tumbo lake linabeba kama lita 8 hadi 15 tu. Mtambo wenyewe uko nyuma, kwa utumbo mkubwa, ambako kuna mabilioni ya vijidudu wazuri wanaovunja nyasi polepole na kuigeuza nguvu. Ndo maana farasi akiachiliwa anakula saa nyingi sana za siku, kidogo kidogo. Ameumbwa kutafuna, sio kujaza tanki mara moja aende.

Ukimmwagia nafaka nyingi kwa mpigo, tumbo dogo halimalizi. Wanga unavuka ukiwa mbichi mpaka kwa wale vijidudu, unachacha, asidi inapanda, gesi inajaa. Na farasi hawezi kutapika. Akikosea amekosea. Tumbo linajisokota, au kwato zinawaka moto kwa ndani mpaka hawezi kukanyaga.

Kwa mnyama amekaa njaa wiki nyingi kuna hatari nyingine, na hii ilinishtua. Mwili ukishazoea njaa, wanga mwingi ghafla unafanya insulini iruke, na madini ya damu kama fosforasi na magnesiamu yanashuka vibaya. Moyo unaeza kusimama siku chache baada ya mnyama kuanza kula, wakati kila mtu anafurahi ati amepona. Hata binadamu iliwapata. Wafungwa waliookolewa mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia, kuna wale walikufa baada ya kupewa chakula, na hapo ndo madaktari walianza kuielewa hiyo hali.

Sasa twende kwa kogo

Kogo ni shosho kwa Kikipsigis. Wangu anaishi upande wa Silibwet, si mbali na mto Nyangores. Kama hujawahi kufika, hiyo ni nchi ya kijani mpaka macho yanachoka. Chai hapa, chai pale, chai mpaka kwa ukingo wa barabara. Watu wa Nairobi wanapiga picha wanasema ni paradiso. Lakini jiulize punda anakula nini huko. Shamba lote ni chai, na chai halishwi mnyama. Nepia iliyobaki kwa mpaka ni ya ng'ombe, kwa sababu ng'ombe analeta pesa ya maziwa. Punda anafungwa kamba kando ya barabara, anakwangua ile nyasi imekanyagwa na pikipiki. Halafu asubuhi anabebeshwa maji.

Agosti nilienda ocha na nikapata sigiriet wa kogo amebaki fremu. Punda wa miaka mingi, ndiye analeta maji ya nyumba mbili na maziwa hadi barabarani. Mbavu unazihesabu ukiwa kwa geti. Na mimi, bingwa wa farasi kumi wa simu, nikajifanya mjuaji. Kulikuwa na gunia la deri mil ya ng'ombe. Nikamwagia punda ndoo nusu. Akala yote. Nikajipiga picha naye, nikalala.

Kogo aliniamsha kabla kupambazuke. "Weri, kuja uone kitu umefanya."

Nilikuwa nadhani mnyama akiumwa na tumbo anagaragara chini, vile tunaona farasi kwa vidio. Punda hafanyi hivyo. Punda anaficha maumivu. Alikuwa amesimama tu kwa kona, kichwa chini, masikio yamelala, nyasi iko mbele yake na haigusi. Hiyo kimya ndo dalili. Mtu asiyemjua angesema amechoka.

Daktari wa mifugo alitoka Bomet mjini na pikipiki. Alipitisha bomba kwa pua mpaka tumboni, akampa dawa ya maumivu, akakaa na sisi mpaka jua likatoka. Punda aliishi. Mimi nililipa, kwa deni, na kogo hakuongea na mimi mpaka saa ya chai ya saa kumi. Kitu kimoja daktari alisema nakumbuka: punda akikataa kula, usiseme utaangalia kesho. Mwili wake unaanza kuvuta mafuta na kuyamwaga kwa damu, ini linalemewa, na siku mbili tatu zinatosha kummaliza.

Vile tulimlisha baadaye

Kwanza tulijifunza kumwangalia. Kwa farasi kuna kipimo cha mwili cha 1 hadi 9, kilitengenezwa 1983 na mtaalamu wa Marekani anaitwa Henneke. Kwa punda wanatumia 1 hadi 5. Usipoteze muda na namba, elewa tu kwamba macho yanadanganya, hasa kwa punda. Ana tumbo kubwa la nyasi na manyoya marefu, anakaa mnono na kumbe ni mifupa. Weka mkono. Pitisha vidole kwa mbavu, kwa uti wa mgongo, kwa mifupa ya nyonga. Mbavu unafaa kuzisikia ukibonyeza kidogo. Ukizisikia kama meno ya kitana bila kubonyeza, huyo amekonda.

Halafu daktari akaangalia mdomo, na hapo nikaona aibu zaidi. Meno ya pembeni yalikuwa yameota ncha kali, zinamkata shavu akitafuna. Ndo maana kulikuwa na vidonge vya nyasi iliyotafunwa nusu chini ya mahali anafungwa. Sisi tulikuwa tunaona uchafu tu. Alikwanguliwa meno, akapewa dawa ya minyoo kwa kipimo chake. Ungemlisha mwaka mzima na meno hayo, hakuna kitu ingebadilika. Gemu haikuonyeshi hii, lakini kama uko na mnyama wa ukweli ndo mahali pa kuanzia.

Chakula sasa. Hesabu ya kawaida kwa farasi ni kilo 2 za chakula kikavu kwa kila kilo 100 za mwili kwa siku. Punda ni mjanja zaidi, anaeza kuishi na chini ya hiyo, lakini huyu alikuwa anafanya kazi na anataka kurudisha mwili, so tulimpigia hesabu ya farasi. Chukua punda wa kilo 150: hiyo ni kilo 3 za nyasi kavu. Nyasi mbichi nyingi yake ni maji, kwa hivyo kilo 3 kavu zinakuwa kama kilo 15 mbichi. Nilipima na ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia chai, na hapo ndo nikaelewa. Kile punda alikuwa anapata kando ya barabara hakikuwa karibu hata kidogo.

Tulianza na kidogo mara nyingi. Fungu dogo asubuhi, saa nne, mchana, jioni, na lingine kubwa la usiku. Nepia ilikatwa fupi na ikachanganywa na nyasi ya kawaida, mabua ya mahindi makavu yakawekwa kando atafune akitaka. Kila siku kadhaa tunaongeza. Mabadiliko ya chakula yanataka wiki moja hadi mbili, wale vijidudu wa utumbo wanahitaji kuzoea. Baada ya wiki mbili kukawa na lusani, konzi moja moja. Deri mil hakuonja tena. Jiwe la chumvi likawekwa mahali anafika.

Na maji. Hii inakera. Punda anahitaji kama lita 10 hadi 20 kwa siku, na huyu alikuwa anabeba mitungi minne ya lita 20 kutoka mtoni halafu hapewi hata karai. Hebu piga hiyo hesabu: mitungi minne ni kilo 80, kwa mnyama wa kilo 150. Zaidi ya nusu ya mwili wake. Wataalamu wanasema asibebe zaidi ya thuluthi, yaani kilo 50, so mitungi miwili. Kwa huo mwezi alibeba sifuri. Mimi na binamu yangu tulibeba. Mgongo wangu unakumbuka.

Kuna vitu usijaribu, na nyingi ziko kwa kila boma kwetu. Majani na matunda ya avokado ni sumu kwa farasi na punda, na huko miti ya avokado iko kila kona, so usimfunge chini yake. Mahindi yenye kuvu, yale watu wanasema "wacha nipe mnyama", hayo yana sumu inayoharibu ubongo wa farasi na punda, na hakuna dawa ya kuwarudisha. Chakula cha kuku usiguse kabisa, kingine kina dawa ambayo kuku haimdhuru lakini moyo wa farasi au punda inaumaliza.

Mbona nikujali punda

Najua kuna mtu anasema, buda, ni punda tu, nunua mwingine. Sawa. Sensa ya 2009 ilihesabu punda kama milioni 1.8 Kenya. Ya 2019 ikapata kama milioni 1.2. Katikati hapo, kuanzia 2016, kulifunguliwa vichinjio vya punda, moja ikiwa Mogotio kule Baringo, ngozi ikaenda China kutengeneza dawa inaitwa ejiao. Punda wakaanza kuibiwa usiku. Watu wanaamka wanapata kamba imekatwa. Februari 2020 Waziri wa Kilimo Peter Munya akapiga marufuku, Mei 2021 Mahakama Kuu ikatupa hiyo marufuku, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda kwa bara lote. So punda wa kogo sio kitu unaenda tu sokoni unachukua kama kuku. Akikufa, mwenye anabeba hiyo mitungi ni mama wa miaka sabini na kitu.

Na ukweli usemwe, kuna msee alikuja na lori ndogo hiyo Agosti akitaka kumnunua vile alivyo. Alisema amekonda lakini ngozi ni ngozi. Kogo alimpa chai na mursik, akamskiza mpaka mwisho, halafu akamwonyesha geti.

Usitarajie miujiza. Kwa simu unaona tofauti kwa siku chache kwa sababu siku moja ni miezi miwili. Kwa mnyama wa ukweli miezi miwili ni miezi miwili. Hakuna mizani ya kumpima punda kijijini, so daktari alitufunza kamba. Unazungusha kamba kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, bila kukaza, unafunga fundo mahali inakutana. Baada ya wiki mbili unazungusha tena, kamba ile ile, mahali pale pale, mnyama akiwa ametoa pumzi.

Wiki mbili za kwanza fundo halikusonga kabisa na nilikuwa nimekata tamaa, nikapigia daktari nikamwambia tuongeze kitu. Akacheka, akaniambia niongeze uvumilivu, hiyo ni bure. Wiki ya nne, kidogo sana, kama unene wa kamba yenyewe. Nikarudi Nairobi, binamu akaendelea, kila wiki mbili ananitumia picha ya kamba kwa WhatsApp, na mimi namtumia pesa ya nyasi kavu wakati mvua imekataa.

Kamba iko kwa msumari jikoni kwa kogo, karibu na kibuyu cha mursik. Fundo la Agosti na fundo la Oktoba zimeachana na vidole viwili. Punda amerudi kazini, mitungi miwili, safari mbili. Na wale farasi wangu kumi niliuza saba, nikabaki na watatu. Kengele ya saa moja jioni bado inalia.